Jiwe jeusi la Bali

Tangu nibadilishe picha yangu ya WhatsApp, watu wa Nakivale wananiuliza lile jengo lenye mapaa mengi nyuma yangu ni la wapi, na kama nimebadili dini. Dini sijabadili. Ni hekalu la Wahindu katika kisiwa cha Bali, nchi ya Indonesia. Nilikuwa kule na bwana yangu siku sita, mwezi wa nane 2024, kwa fungate yetu.

Kwa mtu wa Perth, Bali ni kama Gisenyi kwa mtu wa Goma. Ndege inatumia chini ya saa nne. Wenzangu kazini wanaenda wikendi, wanarudi Jumatatu wamesukwa nywele. Lakini kwetu nyumbani safari ile ilileta ugomvi wa wiki mbili. Mimi nilipiga hesabu ya hoteli nikaona mabati. Mama bado yuko Nakivale, kesi yake inangoja, na mvua ikinyesha anahamisha godoro kutoka kona hii kwenda ile. Bwana yangu akasema mabati tutatuma na safari tutaenda, polepole. Nikamwambia hakuna mtu anaenda fungate polepole. Mwishowe ni Mama mwenyewe aliyekata maneno kwa simu: "Muende. Miye siku ya ndoa yangu nilipewaka jembe, kesho yake niko mu shamba. Muende, mutanitumia picha."

(Mabati yalifika mwezi wa kumi, kwa wale wanaouliza.)

Mwaka 2002 nilivuka kwenda Gisenyi nikiwa na miaka minane, sufuria kichwani, kwa sababu Nyiragongo ilikuwa imemwaga moto mpaka katikati ya mji. Mwaka 2008 nilivuka Ishasha, mara hii kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kwenye uwanja wa ndege wa Denpasar nilisimama kwenye mstari na pasipoti yangu ya Australia mkononi, na ndani ya mkoba, bila kumwambia bwana yangu, ile karatasi ya familia ya Nakivale, imefunikwa na plastiki. Tulilipa rupia 500,000 kila mmoja kwa viza. Ofisa aliniuliza swali moja tu: siku ngapi? Nakivale pia walituuliza tutakaa muda gani. Baba akajibu, wiki mbili. Tulikaa miaka tisa.

Nilijibu siku sita. Akagonga muhuri, akaita mtu wa nyuma yangu.

Siku za kwanza tulifanya wanayofanya wote. Tanah Lot, hekalu juu ya mwamba ndani ya bahari, maji yakijaa hufiki. Uluwatu, juu ya genge refu, ambako nyani wanaiba miwani ya watalii na wenyeji wanawabembeleza kwa matunda ili wairudishe. Pazuri, lakini watu ni wengi mno na kila mmoja anataka kupiga picha mahali uliposimama. Ningekuwa na siku sita zingine ningebaki kijijini tu, nikitazama wanawake asubuhi. Kila siku, mbele ya kila mlango, hata wa duka la simu, mwanamke anaweka chini kisahani kidogo kilichosukwa kwa majani ya mnazi. Ndani kuna maua, chembe za wali, ubani unawaka pembeni, mara nyingine biskuti. Wanakiita canang. Kufika mchana kuku wamekula wali, pikipiki zimepita juu. Hakuna anayekasirika. Kesho anaweka kingine.

Siku ya nne tulikodi dereva atupeleke Besakih, hekalu kubwa kuliko yote, kwenye mteremko wa mlima Agung. Njiani alitueleza majina yao: mtoto wa kwanza Wayan, wa pili Made, wa tatu Nyoman, wa nne Ketut. Bwana yangu alipiga kelele mpaka dereva akapunguza mwendo. Sisi Wanande tuko vile vile! Kijana wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Jina linakungoja kabla hujazaliwa. Dereva hakuamini. Walihesabiana ndugu zao mpaka mlima ukatokea mbele ya kioo.

Hapo mimi nilinyamaza. Agung ina zaidi ya mita 3,000 na inasimama peke yake kama Nyiragongo inavyosimama juu ya Goma. Bwana yangu akasema, "Unaona? Njo ile ile." Nilikuwa nimeona.

Kuingia Besakih lazima ujifunge sarongi na mshipi kiunoni. Mimi nilikuwa na kitenge changu. Mlinzi alikigusa kwa vidole, akacheka, akanifunga mshipi wa njano tu. Kuna kibao kinachowakataza wanawake walio kwenye hedhi. Sikukipenda. Hata kwetu kuna makatazo ya namna ile, na yale pia siyapendi. Ndani kabisa hawaingii wasiokwenda kusali, kwa hiyo tulizunguka nje ya kuta tukichungulia minara inayoitwa meru, paa juu ya paa, mingine mapaa 11, yote ya nyuzi nyeusi. Kuta na ngazi ni za jiwe jeusi. Niliinama nikaliwekea mkono. Ni jiwe letu, lenye vitundu, linalokata viatu. Goma tulijengea uzio. Hawa wamelichonga wakalifanya nyumba ya miungu.

Dereva alitusimulia kwamba mwaka 1963, wakati wa sherehe kubwa hapo Besakih, mlima ulilipuka, watu zaidi ya elfu moja wakafa, na moto ukapita karibu na hekalu bila kuligusa. Hayo aliyasikia kwa wazee. Ya mwaka 2017 aliyaona. Mwezi wa tisa waliambiwa wahame, zaidi ya watu laki moja. Familia yake ililala kwenye jumba la michezo, chini, kwenye saruji. Ng'ombe wao wawili waliwauza kwa bei ya kutupa. Mlima ukakaa kimya hadi mwezi wa kumi na moja ndipo ukatoa majivu.

"Nilikuwa mkimbizi," alisema kwa Kiingereza chake. Neno lao ni pengungsi, na ni hilo moja kwa aliyekimbia vita na aliyekimbia mlima. Maofisa wana majina tofauti kwa watu hao, na jina linaamua nani anapata nini. Mama yangu asingeona tofauti.

Nikamwambia kwamba mwezi ule ule wa tisa 2017 ndio nilipanda ndege Entebbe. Alinitazama kwenye kioo. Tangu tulipofika alikuwa akituita watu wa Australia.

Nilimpigia Mama kwa video hapo hapo maegeshoni, nikageuza simu auone mlima. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Na batu benye wanaishi chini yake, hawaogopake?"

"Wanaogopa, Mama. Wanarudia tu."

"Njia ya kukimbilia iko wapi?"

Nilimuuliza dereva. Akaonyesha kwa kidevu: ni ile ile tuliyopandia. Tukashuka nayo, na huko chini tukasimama kununua salak, tunda lenye ganda kama ngozi ya nyoka. Bwana yangu alikula saba.