Mizani 15 Kisiwani Karpathos

Meli iliyotutoa Rhodes ilitia nanga Diafani, kaskazini mwa kisiwa cha Karpathos, ikiyumbishwa na meltemi, upepo wa kaskazini uvumao Ugiriki mwezi Julai na Agosti, wakati ambapo pwani yetu i mikononi mwa kusi. Mlimani kipo kijiji cha Olympos. Huko, tarehe 15 Agosti, Waorthodoksi huadhimisha Kulala kwa Bikira Maria.

Baada ya ibada na karamu, wanaume waliketi kuizunguka meza, zeze liitwalo lira likalia, na beti zikaanza kutungwa papo hapo. Hizi ndizo mantinadha: mishororo miwili yenye vina, kila mmoja mizani 15, yaani 8 kwa 7. Sikio lililolelewa na shairi letu la 8 kwa 8 husubiri silabi isiyokuja. Jirani yangu alinifasiria: huyu anamwimbia nduguye aliyehamia Marekani. Mwenzake alimjibu, mzee mmoja akalia waziwazi, kisha akaimba yeye. Sisi tupendao kumtenga fanani na hadhira (na mihadhara yetu imejaa utengano huo) tungemweka wapi mzee yule?

Wengi mezani walikuwa wahamiaji waliorudi kwa likizo. Nilimwuliza jirani kama vijana wao hutunga. Alisema mwanawe, mzaliwa wa ughaibuni, hutunga, ila huandika kwanza, akaja amekariri. Wazee humsikiliza hadi mwisho, lakini hawamjibu.