Nova Iliyojifunika Vumbi

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeimaliza Sutherland, kwenye nyanda kavu za Karoo, Afrika Kusini, nikipima nyota kwa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Kati ya nova, yaani nyota zinazong'aa ghafla kwa mlipuko, niliyoipenda kuliko zote ni V1280 Scorpii.

Yukio Sakurai na Yuji Nakamura wa Japani waliigundua tarehe 4 Februari 2007, kila mmoja kivyake. Katikati ya mwezi huo ilifikia mwangaza wa magnitudo 3.8, ikaonekana bila chombo chochote. Februari kundinyota la Nge huchomoza usiku umeshakwenda sana, kwa hiyo tuliisubiri hadi karibu na alfajiri.

Kusubiri huko kulikuwa na kazi yake. Kigunduzi cha infraredi sharti kipozwe. Unamimina naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, polepole, glavu mkononi, na mvuke mweupe unatambaa sakafuni. Kisha kioo kidogo kinachezeshwa: mara nyota, mara anga tupu ya pembeni. Anga yenyewe hutoa infraredi, hata darubini pia, basi unaiondoa hiyo ubaki na mwangaza wa nyota peke yake.

Mwishoni mwa Februari waliopima mwanga wa kawaida wakaona nova inaporomoka. Kwetu, kwenye vichujio vya maikromita 2.2 na 3.5, ilikuwa inapanda! Gesi iliyorushwa na mlipuko ilipoa, ikaganda kuwa chembe za vumbi. Chembe zikameza mwanga na kuutoa tena kama joto. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akinisimulia jinsi nova FH Serpentis ya 1970 ilivyofanya vivyo hivyo. Sasa nilikuwa nashuhudia jambo hilo mwenyewe, tarakimu baada ya tarakimu. Kule Paranal, Chile, Olivier Chesneau na wenzake waliunganisha darubini wakalipima ganda hilo la vumbi likitanuka.

Nova ikishafifia, wengi huiacha na kukimbilia nyota mpya. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana joto na wingi wa vumbi hujulikana kwa vipimo vya wakati huo huo wa kufifia. Na V1280 haikuzimika upesi. Miaka kadhaa baadaye ilikuwa bado inang'aa kuliko nova nyingi za umri wake. Vijana mnaopewa zamu kwenye darubini leo, ombeni muda wa kuzipima nova zilizofifia pia.