Futi 23 au Futi 36

Katika miaka yangu ya unahodha Watamu, swali nililoulizwa zaidi na wenye pesa halikuwa la samaki. "Nahodha, ninunue boti ndogo au kubwa?" Wengi walikuwa wameshaipenda ile kubwa, wanatafuta tu wa kuwaitikia. Nami niliwauliza: utapita mlango saa ngapi?

Maana Watamu ina mwamba mbele yake. Kwenda bahari kuu sharti upite mlango, na wakati wa bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Futi 23 yenye mashine ya nje, ukiinua mguu wa mashine, hupita penye maji ya magoti. Futi 36 ina injini mbili za dizeli ndani na rafadha zake ziko chini, haziinuliwi. Ukichelewa, utangoja nje maji yajae huku wageni wako wanatapika.

Mimi nilianzia kwenye ndogo, na hadi leo sulisuli napenda kumvulia humo. Anapoingia mwishoni mwa mwaka hapiti mbali na pwani. Asubuhi unatoka, unaburura chambo, adhuhuri umerudi na petroli imebaki. Hata nduwaro akinasa, ndogo hugeuza omo ikamfuata. Kubwa humrudia kinyumenyume, shetri ikipiga mawimbi, na anayekaa kwenye kiti cha kupigania samaki huloa hadi kiunoni. Wageni hulipia hayo kwa furaha, sijui kwa nini.

Lakini North Kenya Bank, uwanja wa uvuvi ulio mbali baharini, ni habari nyingine. Huko mtu huenda akalala, usiku anamtafuta samaki-upanga kwenye kina kirefu, na kaskazi la Januari likikaza alasiri, mawimbi hayana adabu. Hapo sitaki futi 23, hata nipewe bure. Nataka upana wa kusimama, na injini ya pili ya kunirudisha nyumbani ya kwanza ikizima. Na dizeli haitoi mvuke wa kushika moto upesi kama petroli, jambo ambalo wauzaji hulitaja mwisho, baada ya redio na viti.

Kisha kusi linaingia. Boti nyingi hupandishwa nchi kavu kuanzia Aprili. Ndogo inapanda trela, vijana wanasukuma, imekwisha. Kubwa inataka mitambo, halafu mlinzi, halafu rangi ya chini ya kuzuia makombe na mwani, na mabaharia wanaolipwa ingawa hakuna safari. Nimewaona wenye boti wakiuza kwa sababu ya miezi hiyo, si kwa kukosa samaki.

Daktari mmoja wa meno, mstaafu, alinisikiliza yote haya akiandika kwenye kijitabu. Mkewe alikuwa na swali moja tu.

"Hiyo ndogo ina choo?"

"Ina ndoo, mama."

Alicheka, mumewe hakucheka. Walinunua ndogo. Mzee huenda nayo na jirani yake, siku ambazo bahari imelala. Ikifika Januari hukodi boti kubwa, nami naiendesha, na mama huikagua kwanza gatini: mlango wa choo ufungike kwa ndani, ndipo tung'oe nanga.