Mgonjwa wa Moyo na Kiti Chake



Tunapowapelekea wagonjwa Komunyo Takatifu majumbani, tumezoea kumkuta mgonjwa wa moyo mahali pale pale: kitini, chini ya mti, amejifunika shuka hata jua likiwaka. Wanaomzunguka wanampenda kwa dhati. Mama wa boma mojawapo alitueleza kwa fahari, "Padri, tangu atoke hospitali hatujamruhusu hata kufungua zizi." Mumewe aliwatazama ng'ombe wake kwa mbali, asiseme neno. Mtu aliyeshinda kutwa nyuma ya mifugo kwa miaka mingi sasa alihema kwa kwenda chooni tu, na wote nyumbani waliamini kwamba kuhema huko ni ugonjwa peke yake. Sisi tuliona kwamba sehemu yake imeletwa na kiti.

Tusiwalaumu. Hadi katikati ya karne iliyopita waganga wakubwa wa Ulaya na Marekani nao walimlaza kitandani kwa majuma kadhaa mtu aliyepata mshtuko wa moyo. Walibadili mawazo polepole, na Wamasai wamo katika historia hiyo. Mnamo miaka ya 1960 daktari Mmarekani, George Mann, aliwapima wanaume 400 wa Kimasai, watu wa maziwa na nyama, akakuta dalili chache mno za ugonjwa wa moyo. Mwaka 1972 yeye na wenzake walitoa matokeo ya kuchunguza mioyo ya wanaume 50 waliokwisha kufariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu ikapata njia. Mann aliona sababu ni kutembea. Wengine wana hoja nyingine, na mjadala haujafungwa. Hata hivyo wazee wetu watafurahi kusikia kwamba miguu yao ilifika katika majarida ya kitabibu kabla bodaboda hazijafika Wasso.

Lakini hao walikuwa wazima. Je, yule ambaye moyo wake umekwisha kudhoofika? Huko Ancona, Italia, wagonjwa 123 ambao mioyo yao haikusukuma damu ya kutosha waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilifanya mazoezi ya kadiri mara mbili kwa juma, chini ya usimamizi, si kwa mwezi mmoja bali kwa miaka 10. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: waliofanya mazoezi walibaki na nguvu zaidi, walirudi hospitali mara chache, na waliokufa kwa moyo walikuwa wachache kuliko wenzao. Siri yake haimo moyoni peke yake. Misuli ya miguu iliyozoezwa hutumia vizuri zaidi hewa inayoletwa na damu, mishipa hulegea, na moyo ule ule dhaifu hupunguziwa mzigo. Ukiacha, faida hutoweka kwa majuma machache tu.

Hapo ndipo penye ugumu. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walimiminika Samunge, humu humu wilayani, kunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500, na wapo waliorudi makwao wakaacha dawa. Tunaelewa kiu yao. Nani asiyetamani tiba ya siku moja? Kutembea nusu saa, leo na kesho na mwaka kesho, huku vidonge vikiendelea, hakumvutii mtu yeyote kupanda basi.

Aidha, si kila mgonjwa aanze kesho. Vijana wetu wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, mwenye miguu iliyovimba, mwenye maumivu ya kifua akiwa ametulia: hao waonane kwanza na daktari, naye ndiye atakayewapa kipimo. Aliyeruhusiwa aanze kwa dakika tano au kumi katika eneo tambarare, aende kwa mwendo unaomwezesha kuzungumza. Kifua kikibana au kizunguzungu kikimjia, asimame, na hali isipotulia upesi apelekwe hospitali. Alfajiri hatuipendekezi, kwa sababu ya baridi, na kwa sababu ya fisi.

Wagonjwa wa Ancona walikuwa na wenzao na msimamizi, ndiyo maana tunaamini waliweza kudumu. Mgonjwa wa boma ana wajukuu. Tumemwomba yule mama amruhusu mzee aende kila jioni, pamoja na mjukuu mmoja, hadi mti wa kwanza njiani, apumzike, arudi. Alifikiri kwa muda mrefu, akauliza ni nani atakayebeba kiti.