Kengele Iliyonyamaza

Nashuhudia kuhusu kipindi nilichokaribia kuiacha kazi ya kuandika programu za ndani kabisa ya mashine, zile zinazokaa kwenye kerneli na kuzungumza na vyuma moja kwa moja. Nimeona vijana wenye vipaji wakiikimbia kwa sababu ileile iliyotaka kunikimbiza mimi, ndiyo maana naandika.

Kampuni yetu, Dar es Salaam, inatengeneza kifaa cha kulinda majokofu ya chanjo kwenye zahanati. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kifaa kinapima joto, kinatunza kumbukumbu, na joto likivuka mpaka kinatuma ujumbe kwa nesi na kwa ofisi ya wilaya. Ndani yake kuna Linux. Vifaa vya mwanzo vilifanya kazi kwa miaka bila kutusumbua. Kisha ubao wa zamani ukaacha kutengenezwa, tukahamia ubao mpya wenye prosesa ya kori nne.

Hapo mateso yakaanza. Kifaa kilikuwa kinaganda. Leo kimoja Tunduru, baada ya muda kingine Kondoa, bila mpangilio wowote. Taa ya kijani inaendelea kuwaka, ujumbe hautoki. Nesi mmoja mtu mzima alinipigia: “Mwanangu, taa yako inawaka, lakini tangu jana simu yangu haijapata kitu, na jokofu nimelikuta linapanda.” Aligundua kwa sababu anasoma kipimajoto na kuandika daftarini asubuhi na jioni. Akawahi kuhamisha chanjo. Asingekuwa na daftari lile, tungejua lini?

Ofisini ilisemwa ni umeme. Tukabadilisha vyanzo vya umeme. Ikasemwa ni joto la vyumba. Nilikiweka kifaa mezani kwangu, kikafanya kazi majuma bila kuganda hata mara moja. Nilipoongeza mistari ya kuchapisha taarifa ili nifuate nyayo za tatizo, hata vile vya mikoani vilipona. Nikiitoa mistari ile, vinaganda tena. Leo najua sababu: kuchapisha kulichelewesha upande mmoja kiasi cha kuuacha mwingine upite salama. Wakati ule sikujua. Ukiishi muda mrefu na tatizo linalotoweka kila unapolitazama, unaanza kuitilia shaka akili yako mwenyewe. Usingizi ulinikimbia, chakula kikanishinda. Mama alikuwa akipiga simu usiku kuniuliza kama nimekula, nami namjibu ndiyo.

Bosi, kwa nia njema kabisa, akaniambia, “Dada, kiweke kijiwashe upya chenyewe kila usiku, maisha yaendelee.” Mifumo mingi duniani inaishi hivyo. Nilikataa, kwa kuwa kifaa kikiganda saa 2 asubuhi, kujiwasha saa 6 usiku hakuwezi kuokoa kilichokwisha kuharibika mchana.

Kilichonifungua macho ni taarifa ya kukatika kwa umeme Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003, kulikowaacha watu wapatao milioni 50 gizani. Kule Ohio, mfumo wa tahadhari katika chumba cha kuongozea umeme ulinyamaza zaidi ya saa moja kabla ya gridi kuanguka, na waendeshaji hawakujua kuwa umenyamaza. Chanzo cha ukimya ule kilikuwa kasoro ya programu: sehemu mbili ziligusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Wahandisi waliipata baada ya majuma ya kupekua msimbo, kwa kuupunguza mfumo kasi na kupenyeza ucheleweshaji wa makusudi. Nilisoma mstari huo nikasimama. Kengele iliyonyamaza bila mtu kujua! Ndiyo hiyohiyo yetu. Wao hawakukaa kusubiri kasoro ijitokeze, waliitengenezea nafasi.

Nikafungua draiva yetu, yaani ile programu ya kwenye kerneli inayozungumza na vyuma, nikaisoma upya, safari hii nikijiuliza kwa kila mstari: kori nyingine ikiingia hapa hapa, nini kitatokea? Vipimo vya joto vilikuwa vinapangwa kwenye orodha. Mkono mmoja wa programu unaongeza kipimo mkiani, mwingine unaondoa kilichokwisha kutumwa. Kinga pekee ilikuwa kuzima makatizo, zile ishara zinazoikatiza kori kazi yake, wakati orodha inaguswa. Kwenye kori moja hiyo inatosha, maana hakuna mwingine wa kuingilia. Lakini kuzima makatizo kunahusu kori iliyoyazima tu. Nyingine tatu zinaendelea na shughuli zao. Waliouandika msimbo ule waliuandikia ubao wa zamani, na kwa ubao ule ulikuwa sahihi. Nikapenyeza ucheleweshaji mdogo kati ya kusoma mkia wa orodha na kuubadilisha. Kifaa cha mezani, kile kilichokuwa kimenikaidi majuma yote, kikaanguka papo hapo. Nikakiwasha, kikaanguka tena. Nililia kwa furaha pale ofisini, sioni aibu kusema.

Dawa yake ilikuwa kufuli: anayetaka kugusa orodha alishike kwanza, na kori nyingine izunguke ikisubiri. Tukaweka kufuli la orodha, na jingine la hali ya modemu inayotuma ujumbe. Orodha ikatulia. Ila sasa kifaa kikaanza kuganda kwa namna mpya, kwa nadra zaidi.

Huu ndio mkwamo. Mkono wa kutuma ulishika kufuli la orodha kisha ukataka la modemu. Mkono wa kushughulikia mtandao unapokatika ulishika la modemu kisha ukataka la orodha. Ni watu wawili wanaotaka kutwanga, mmoja kakumbatia kinu, mwingine mchi, na hakuna anayeachia. Kori mbili zinazunguka hadi mwisho wa dunia, na taa inawaka.

Safari hii sikukonda. Kerneli ya Linux ina chombo kiitwacho lockdep, kazi ya Ingo Molnar, kilichoingia toleo 2.6.18 mwaka 2006. Kinakumbuka makufuli yanashikwa kwa utaratibu gani, na kikiona hili kabla ya lile hapa, kisha lile kabla ya hili kule, kinapiga kelele, hata kama mikono hiyo miwili haijawahi kukutana. Nilikiwasha, nikachomoa laini ya modemu, na ripoti ikatoka ikitaja makufuli yote mawili. Tukaweka utaratibu mmoja: orodha kwanza, modemu baadaye, popote pale. Tuliuandika juu kabisa ya faili.

Niliporudi kwa bosi sikumwambia kwamba kifaa hakijaganda kwa muda mrefu. Maneno hayo yalikwisha kutudanganya mara nyingi. Nilichora ubaoni kila njia inayoigusa orodha, kori kwa kori, nikamwonyesha kwa nini hakuna mpangilio unaoweza kuivunja tena. Aliuliza maswali mpaka akaridhika, kisha akaniuliza draiva nyingine zikoje. Sasa kila kerneli ya majaribio tunaijenga lockdep ikiwa imewashwa, pamoja na KCSAN, iliyoingia toleo 5.8 mwaka 2020, ambayo inachelewesha ugusaji wa kumbukumbu kwa makusudi ili imnase anayeingilia. Katika draiva ya kadi ya kumbukumbu imekwisha kutuonyesha sehemu nyingine ambapo kori mbili zingeweza kugusa kumbukumbu moja kwa wakati mmoja, ambayo haikuwahi kugandisha kifaa chochote. Tumeirekebisha.