Si Kulogwa, ni Breki Zimelegea!

Ukitaka kuelewa ugonjwa wa lupasi, usianzie hospitali. Anzia Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile ya Mbeya. Waulize madereva wa malori wanaoteremka Kitonga kwenda Dar. Watakwambia gari zuri si lenye mwendo, ni lile linalosimama.

Mwili nao ndivyo ulivyo, msomaji wangu. Zipo seli zinazotengeneza kingamwili, askari wa kukamata vijidudu. Juu ya seli hizo kuna kipokezi, wataalamu wanakiita FcγRIIB. Askari wakishakuwa wengi na adui kashikwa, wanakwenda kukigusa kipokezi hicho, na seli inapata taarifa: inatosha, punguza kazi. Hiyo ndiyo breki. Ikilegea, askari wanazidi kumiminika, na baadhi yao wanamgeukia mwenye nyumba: viungo, ngozi, hata figo.

Shangazi yangu wa Njombe ndiyo yaliyomkuta. Vidole vilivimba, nywele zikanyonyoka, madoa mfano wa kipepeo yakatanda puani na mashavuni. Mtaani hukumu ilishatoka: ama kalogwa, ama ana "ule ugonjwa". Wateja wa viazi vyake wakahamia meza ya jirani. Jamani! Lupasi haiambukizi hata mkila sahani moja. Na katika kila wagonjwa kumi, kama tisa hivi ni wanawake, kwa hiyo mama zetu ndio wanaosengenywa.

Sasa sikia maajabu. Mwaka 2010 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na wenzao wa Kilifi, Kenya, walieleza habari za watu waliorithi breki legevu kwa baba na kwa mama pia. Hao wako kwenye hatari zaidi ya kupata lupasi, ingawa si kila mmoja ataugua. Lakini watoto wa Kilifi wenye breki hiyohiyo walikuwa na kinga zaidi dhidi ya malaria kali! Hitilafu hii ni ya kawaida zaidi Afrika na Asia ya Kusini-Mashariki kuliko Ulaya, na inaelekea malaria ndiyo iliyoibakiza. Kwetu kwenye baridi, mbu mwenyewe anatetemeka, faida hiyo tutaipatia wapi?

Tena dawa kubwa ya lupasi ni haidroksiklorokwini, ndugu wa damu wa klorokwini, ile chungu iliyokuwa ikituwasha mwili mzima mpaka Tanzania ilipoacha kuitegemea kwa malaria mwaka 2001.