Sauti Iliyotufuta Machozi

Akina mama wenzetu wapendwa, mnaikumbuka Oktoba ya mwaka 1999? Sisi wa Tunduma tulikuwa bado Mkoa wa Mbeya. Songwe ilikuja mwaka 2016. Tarehe 14 tulisikia kuwa Mwalimu Nyerere amefariki London. Siku zile kila duka hapa mpakani lilifungua redio, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Kapteni John Komba na kwaya yake wakiomboleza. Watoto walituuliza, "Mama, mbona unalia?" Hatukuwa na jibu. Tuliitikia wimbo tu, huku tukipima mchele.

Komba alizaliwa mwaka 1954 kando ya Ziwa Nyasa, kwenye ngoma za mganda na kioda. Alikuwa mwalimu, kisha mwanajeshi, akaongoza kikundi cha Tanzania One Theatre kilichounganisha kwaya, ngoma, maigizo na taarabu. Alikitumikia CCM kwa nyimbo miaka mingi, na tangu mwaka 2005 alikuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi, hadi alipofariki tarehe 28 Februari 2015.

Lakini tuseme kweli. Hapa kwetu siasa zimewahi kuwanunisha hata majirani, na baadhi yetu hatukukipigia kura chama chake. Mwaka 2014, katika mjadala wa Katiba mpya, alisema ataingia msituni serikali tatu zikipita. Tulishtuka. Aliyetufuta machozi ndiye sasa anatutisha?

Alipofariki, mwenzetu mmoja katika kikundi chetu alisema hatamwombea. Mama aliye mkubwa kuliko sote akamwuliza taratibu, "Mwanangu, siku ile ya Mwalimu uliuliza anayekuimbia ni wa chama gani?" Tukanyamaza. Kisha tuliomba sote, naye akiwemo. Neno lile la msituni hatukulisifu. Lakini machozi yale ya mwaka 1999 nayo hatukuyakana.

Somo hili tumelirudisha majumbani. Mume, wifi, jirani, hata sisi wenyewe, kinywa kinachobembeleza mtoto asubuhi ndicho huumiza mtu jioni. Tukimkumbuka mtu mbele ya watoto wetu, tuwaambie yote mawili: alipokosea, na alipotufariji. Hivyo watajifunza kuchunga maneno yao, na kutomtupa mtu kwa neno moja.